Jinsi ya kuandika wosia wa mzee usiotupwa mahakamani

Shikamoo kwa wazee wangu mtakaosoma, na salamu kwenu vijana mtakaowasomea.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Karibu kila wiki naulizwa maswali yaleyale: wosia lazima uandikwe na wakili? Baba akitamka mbele yetu hospitalini inatosha? Mimi niliyeachiwa nyumba naweza kuwa shahidi? Mama hajui kusoma, atasainije? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa nyumbani kwake.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina taratibu zake, na Waislamu wa huko hupeleka mambo ya mirathi Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba aanzie huko.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloumiza familia nyingi. Wosia nyingi nilizoona zikikataliwa ziliandikwa kwa Kiswahili kizuri, tena nyingine kwa kompyuta na mihuri juu. Ziliangushwa na mashahidi. Hatua ya 5 isome mara mbili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA cha mzee, au cha mpiga kura.
- Cheti cha ndoa, kama kipo. Kama ndoa ni ya kimila, andika mwaka na mahali ilipofungwa.
- Nyaraka za mali: hati miliki, ofa, leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila, mikataba ya mauziano iliyopita serikali ya mtaa au kijiji, kadi za magari.
- Majina kamili ya watoto wote, kama yalivyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa.
- Namba za akaunti za benki, SACCOS, VICOBA na laini za simu zenye pesa. Namba za siri usiziandike popote.
- Orodha ya madeni: anayodaiwa mzee na anayowadai watu.
- Kalamu ya wino na karatasi safi. Penseli hapana.
- Mzee mwenyewe, akiwa na akili timamu, ametulia, na hajalazimishwa na mtu.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Wosia ni wa mzee. Watoto mnaweza kumtafutia nyaraka, kumpikia chai na kumwitia mashahidi. Anapoeleza nani apate nini, tokeni chumbani. Mtoto aliyekaa pembeni akimkumbusha baba "na kile kiwanja cha barabarani umesahau" amempa ndugu yake hoja ya kusema kesho kwamba mzee alishawishiwa.

Hatua ya 1: Jua mali yako itafuata sheria gani

Tanzania Bara ina njia tatu. Ipo sheria ya kimila, ambayo kanuni zake za urithi na wosia zimo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo ile ya kiserikali, ambayo bado inategemea Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Ndiyo, ya India, na bado inatumika kwetu.

Ukibishaniwa, mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi: aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, aliishi Kiislamu, au maisha yake yalikwishaachana na mila? Kwa hiyo msaidie hakimu wa kesho. Andika mwanzoni mwa wosia sentensi moja: "Mimi ni Mkristo, nilifunga ndoa kanisani mwaka fulani, na sikuishi kwa kufuata mila za ukoo katika mambo ya mali." Au kinyume chake, kama ndivyo ulivyoishi. Andika ukweli, maana majirani wataulizwa.

Kwa Mwislamu, wosia una mpaka. Unaruhusiwa kuusia hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na theluthi hiyo haiendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Mali ikibaki shilingi milioni 90, unazoweza kuusia ni milioni 30. Zinazosalia zinakwenda kwa mafungu ya mirathi, yaani sehemu ambazo sheria ya Kiislamu imempangia kila mrithi. Theluthi hiyo ndiyo nafasi ya kumkumbuka mtoto uliyemlea asiye wa damu yako, ndugu asiye Mwislamu, msikiti au madrasa. Nimeona wazee wanaandika "nyumba yote apewe binti yangu mdogo aliyeniuguza" wakiamini wamemlinda, kisha wosia unapingwa na binti anabaki na fungu lake la kawaida. Ukitaka kumpa mtoto kitu ukiwa hai, mpe ukiwa hai, mkabidhi kweli, na hati ibadilishwe jina. Kabla ya hapo muulize shehe anayeijua mirathi.

Hatua ya 2: Orodhesha mali, na utenge isiyo yako

Andika kila mali kwa namna ambayo mgeni asiyekijua kijiji chenu anaweza kuifikia. "Shamba la kule bondeni" haitoshi. Andika kijiji, kitongoji, ukubwa kwa makadirio, na anayepakana nawe kila upande. Kwa kiwanja kilichopimwa, andika namba ya kiwanja na kitalu.

Kisha jiulize swali gumu: hii ni yangu peke yangu? Huwezi kuusia kisicho chako. Nyumba mliyojenga na mkeo au mumeo, hata kama hati ina jina moja, mwenzako ana jasho lake humo. Wewe unausia sehemu yako tu. Shamba ambalo mzee alikabidhiwa na ukoo alitunze lina maneno yake pia, hasa kihamba kule Kilimanjaro na kibanja kule Kagera.

Hapa niwaambie wazee wenye mabinti. Kule Muleba, mkoani Kagera, Holaria Pastory aliachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia halali. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, ndugu yake wa ukoo, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikageuza hukumu, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Angalia lakini binti yule aliingia mahakamani akiwa ameshika nini: wosia wa baba yake. Mzee anayemtakia binti mema asimwachie kazi ya kubishana na ukoo mikono mitupu.

Hatua ya 3: Andika warithi wote, hata wale wasiojulikana nyumbani

Nimekaa kwenye matanga mahali fulani, siku ya tatu akaingia kijana mwenye sura ya marehemu kabisa. Mama wa nyumba alizimia. Kikao cha ukoo kilivunjika, na kesi iliyofuata ilikula karibu nusu ya thamani ya nyumba iliyokuwa ikigombewa.

Mzee wangu, kama una mtoto nje, mtaje. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa stahiki yake katika mali ya mzazi. Ukimtaja wewe, neno lako linamaliza mjadala ambao vinginevyo ungemalizwa kwa vipimo, mashahidi na matusi.

Hatua ya 4: Teua atakayesimamia

Taja msimamizi mmoja na wa akiba, kama wa kwanza atafariki au atakataa. Muulize kabla ya kumwandika. Si lazima awe mtoto wa kwanza wa kiume, na si lazima awe mtoto. Tafuta mtu anayejua kuweka hesabu na asiyeona haya kumwambia kila ndugu ukweli.

Msimamizi hana fungu la ziada kwa kuwa msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kama wosia unavyosema, na kurudisha hesabu mahakamani. Hata akiwa ametajwa kwenye wosia, baada ya msiba lazima aende mahakamani athibitishwe kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 5: Chagua mashahidi

Kwa wosia wa maandishi wa kimila:

- Mzee anayejua kusoma na kuandika: mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.
- Mzee asiyejua kusoma na kuandika: wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki.
- Mashahidi wote wawe wanajua kusoma na kuandika.
- Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie. Hawa ni nyongeza juu ya hesabu ya hapo juu.

Mtu baki ni mtu asiye wa ukoo: jirani, mwalimu, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa. Shemeji usimhesabu humo, asije akazua ubishi wa bure.

Kwa wosia wa kiserikali, mashahidi wawili wanatosha, na suala la ukoo halipo. Ushauri wangu kwa mzee ambaye hana hakika ataangukia sheria ipi: timiza masharti ya kimila hata hivyo. Weka wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wakizidi hawaharibu wosia, wakipungua wanauua.

ONYO: anayepewa kitu kwenye wosia asiwe shahidi, wala mume au mke wake. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa sababu mzee huwaita walio karibu, na walio karibu ndio warithi. Chini ya sheria ya 1865, zawadi iliyoandikwa kwa shahidi au kwa mwenzi wa shahidi inafutika. Yaani binti aliyekuuguza, ukimwita asaini ili "awe na uhakika", umemnyang'anya kwa mkono wako. Mke aliyepo nyumbani kwenye wosia wa kimila yeye anashuhudia kwa sababu kanuni zinamtaka, lakini kwenye wosia wa sheria ya 1865 naye akisaini kama shahidi, alichoachiwa kinafutika.

Chagua pia mashahidi wenye umri mdogo kuliko wako. Watu wanne wa miaka 80 wanaweza kukutangulia wote.

Na wosia wa mdomo je? Kimila upo. Unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, pamoja na mke au wake waliopo. Baba aliyetamka wodini mbele ya watoto wake watatu hajafikisha masharti hayo. Ikitokea mzee yuko taabani na karatasi haiwezekani, mwite muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha jirani wasikie, tafuta wawili wa ukoo, na kila mmoja aandike alichosikia siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Andika

Wakili si lazima. Anasaidia mali ikiwa nyingi au familia ikiwa na mgogoro, lakini wosia ulioandikwa kwenye daftari la shule unasimama kama masharti yametimia. Mfano:

*Mimi [majina matatu], mwenye umri wa miaka [..], mkazi wa [mtaa, kata, wilaya], nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa na mtu yeyote, naandika wosia huu wa mwisho leo tarehe [..]. Nafuta wosia zote nilizoandika kabla ya huu.*

*Mke wangu ni [..]. Watoto wangu ni [..].*

*Namteua [..] kuwa msimamizi wa mirathi yangu. Asipoweza, namteua [..].*

*Nadaiwa na [..] kiasi cha [..]. Namdai [..] kiasi cha [..].*

*Nyumba iliyopo [..] namwachia [..]. Shamba lililopo [..] namwachia [..].*

*Mali yoyote ambayo sikuitaja hapa igawanywe kwa [..].*

*Nizikwe [..].*

Kile kipengele cha "mali yoyote ambayo sikuitaja" usikiruke. Mzee atanunua ng'ombe mwingine kesho, au atalipwa fidia ya barabara.

Kama unataka mwenzi wako akae kwenye nyumba hadi mwisho wa maisha yake ndipo watoto waichukue, andika hivyo kwa maneno hayo. Mama wajane wengi wametolewa ndani kwa sababu marehemu "alidhani watoto wanaelewa".

Hatua ya 7: Saini wote kwa kikao kimoja

Mzee asaini mbele ya mashahidi wote, nao wasaini mbele yake na mbele ya kila mmoja wao, siku ileile. Kuizungusha karatasi nyumba kwa nyumba kwa wiki nzima kutafuta saini ni kuiua. Kila ukurasa uwe na saini ya mzee na tarehe. Mashahidi waandike majina kamili, simu na anapoishi kila mmoja.

Kwa mama asiyejua kusoma: mmoja wa mashahidi ausome wosia wote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa vizuri, hata kama ni Kisukuma au Kimakonde. Aulizwe kama ndivyo alivyotaka. Kisha aweke dole gumba, na chini yake iandikwe kwamba alisomewa, na nani alimsomea.

Mzee akiwa mgonjwa au umri umekwenda sana, pata barua ya daktari ya wiki hiyohiyo inayosema anajitambua. Nauli ya kwenda kituo cha afya ni ndogo ukilinganisha na kesi.

Hatua ya 8: Hifadhi pasipofikiwa na mrithi mmoja peke yake

RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, pia huandika na kuhifadhi wosia. Unaweza pia kuuacha benki, kwa wakili, au kwa kiongozi wa dini unayemwamini. Nyumbani kuna mchwa, kuna moto, na kuna mtoto mwenye njaa ya mali. Watu wawili wasioishi pamoja waambiwe wosia uko wapi. Yaliyomo si lazima wayajue.

Hatua ya 9: Upitie tena

Ukioa au kuolewa upya, ukipata mtoto, ukiuza kiwanja ulichokiusia, andika upya. Chini ya sheria ya 1865 ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani. Usikate maneno na kuandika pembeni kwa kalamu nyingine, na usitegemee kuufuta kwa kutamka barazani. Andika mpya wenye tarehe na mashahidi, kisha uchane wa zamani na nakala zake.

Ukitaka kumnyima mtoto

Inawezekana, lakini hasira peke yake haitoshi. Kimila zipo sababu zinazokubalika: amezini na mke wa mzazi, amejaribu kumuua au amempiga mzazi, amemtelekeza mzazi kwenye njaa au ugonjwa bila sababu, ameharibu mali yake. Wosia utaje kwamba ananyimwa na kwa nini, naye awe amepewa nafasi ya kujitetea mbele ya mzazi au baraza la ukoo. Kutomtaja kabisa hakuhesabiwi kuwa umemnyima. Kutaonekana umesahau. Na kwa Mwislamu, mrithi wa mafungu hanyimwi kwa wosia.

Mzee anapoanza kusahau

Hapa familia hukimbilia hati ya uwakilishi, ili mtoto mmoja aende benki na ofisi za ardhi kwa niaba ya mzazi. Ni nzuri, ila ina kikomo. Lazima itolewe mzee akiwa bado anajitambua, na inakufa pale anapofariki au akili inapomtoka. Baada ya hapo, anayesimamia mali ya mgonjwa anapaswa kuteuliwa na mahakama. Kutoa pesa kwa kadi ya marehemu siku ya msiba "kwa ajili ya jeneza" bila idhini ni kuingilia mirathi, hata nia ikiwa njema.

Wazee, msisaini karatasi ya mauzo msiyosomewa. Na nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema.

Mambo yakikwama

*Mzee hataki, anasema ni kujichulia kifo.* Usimbane. Anza na orodha ya madeni na mipaka ya shamba, "ili tusije tukadhulumiwa na majirani". Wengi wakiona orodha imekamilika, huendelea wenyewe. Mtu wa rika lake akimwambia, atasikia zaidi kuliko akiambiwa na mtoto.

*Hatuna pesa ya wakili.* Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu.

*Zimeonekana wosia mbili.* Wa tarehe ya mwisho ndio unaosimama, kama umetimiza masharti. Usio na tarehe utawatesa.

*Wosia umekataliwa.* Mali inagawanywa kana kwamba haukuwepo. Mkishaafikiana kama ndugu, bado mnaweza kuheshimu alichotaka mzee, kwa maandishi, mbele ya mahakama.

*Kikao cha ukoo kimeshagawa mali.* Kikao hakina mamlaka hayo. Kinapendekeza msimamizi, na muhtasari wake unapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30.

*Msimamizi amenyamaza.* Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kurudisha orodha ya mali na hesabu, kwa Fomu Na. 5 na Na. 6. Asipofanya, au akiuza mali kwa siri, mrithi yeyote aende kwenye mahakama ileile iliyomteua, akiwa na namba ya shauri la mirathi, aombe aitwe ajieleze au aondolewe. Msisubiri auze cha pili. Siku hiyohiyo pitieni ofisi ya ardhi au serikali ya kijiji, mtoe taarifa ya maandishi kwamba eneo lina mgogoro wa mirathi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.